Chapa ya Tunduni

16 Februari

Dada Nyundo,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumamosi, na Jumapili nikaipeleka kwa Mama. Nilimsomea mara mbili. Pale uliposema kiwanda sasa ni fahari ya taifa, na kwamba mnakula vizuri na kulala vizuri, aliniomba nirudie, kisha akaichukua akaibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa kipande cha plasta. Mimi nilibaki najiuliza tangu lini dada yangu anaandika "fahari ya taifa". Wewe ambaye kwenye harusi ya binamu ulisema hotuba zilikuwa ndefu kuliko ndoa zenyewe.

Huku bungeni ni bajeti ya ulinzi, wiki ya pili sasa. Kazi yangu unaijua: nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti masikioni, naandika kila kinachosemwa, halafu nakisafisha kabla hakijaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Kikohozi natoa. "Eee" natoa. Mheshimiwa akianza sentensi akaipoteza njiani, namtafutia mwisho wake. Miaka kumi na moja, na hakuna mbunge aliyewahi kulalamika kwamba nimemwandika vibaya. Wanaona haya wakijisikia redioni, wakijisoma wanajipenda.

Alhamisi Waziri wa Ulinzi alisimama na bunduki yenu moja mkononi, akainyanyua juu. "Hii hapa," akasema, "imezaliwa nyumbani. Hakuna hata skrubu moja iliyovuka mpaka." Wakapiga meza dakika nzima. Kuna mama mmoja wa viti vya nyuma tunamwita Miwani, kwa sababu miwani yake inaning'inia shingoni na huivaa tu akitaka kuuma. Huyo akauliza kwa nini hospitali za wilaya hazina hata nyuzi za kushonea vidonda, wakati ulinzi umepewa mara tatu ya mwaka jana. Wakamzomea. Mmoja akamwambia adui akija basi akamshone. Nikaandika "Kicheko" ndani ya mabano, ndiyo kanuni. Mwingine alikuwa amelala, na mkoromo wake ulikuwa ukiingia kwenye kipaza sauti cha jirani yake. Nikautoa. Dada, siku hizi nikivua vipokea sauti natamani kuosha masikio kwa sabuni.

Kuna kijineno Waziri alikitema baada ya kukaa, kipaza sauti chake bado kimewaka. Nilikitupa, si cha kumbukumbu.

Nimembadilishia Mama mpini wa lile jembe ulilompa wakati kiwanda chenu bado ni cha majembe. Nilipoung'oa ule wa zamani nikakuta chapa yako ndani ya tundu, ndogo, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Tulicheka sana. Kwani unamsainia nani huko gizani?

Mdogo wako,
Kasuku

3 Machi

Kasuku,

Marahaba. Barua hii anakuletea dereva wa mkate, na yako mpe yeye. Usipeleke tena kwenye sanduku la getini. Ile ya kwanza niliiandika mlinzi akiwa amesimama nyuma ya bega langu, na hiyo "fahari ya taifa" alinitajia yeye, neno kwa neno. Ibandue ukutani. Au iache, kama inamfurahisha Mama.

Simu zetu zimefungiwa getini. Tunalala ndani ya uzio na kila baada ya wiki sita tunatoka siku mbili. Kwa hiyo nakuandikia, na ukimaliza kusoma uchome.

Hatutengenezi bunduki yoyote. Zinakuja kwenye masanduku, zimepakwa grisi ya miaka sijui mingapi, imeoza, inanuka panya aliyefia nyuma ya kabati. Tunazichemsha kwenye mapipa yale yale tuliyokuwa tukichovyea majembe rangi. Tunasaga namba ya kigeni mpaka chuma kinang'aa. Tunang'oa mbao za zamani, tunafunga mpya. Halafu mimi napiga jina la kiwanda na namba yetu, naikagua, na mwisho napiga muhuri wangu wa ukaguzi, namba saba, maana yake silaha hii ni salama. Hiyo ndiyo imezaliwa nyumbani. Ni kizee kisicho na meno, tumekifunga nepi, tunawaambia watu waje kuona mtoto.

Grisi haitoki mikononi. Nimejaribu majivu, nimejaribu mafuta ya taa. Nikipeleka tonge mdomoni harufu inafika kwanza, naiacha sahani hapo. Siku hizi nakula kwa kijiko kama mgonjwa.

Na habari ya tundu la jembe usicheke. Chapa ya usoni ni ya mnunuzi. Ya tunduni ni ya chuma. Chuma chetu kilikuwa kinatoka sehemu tofauti, na jembe likirudishwa limepasuka unang'oa mpini, unajua limetoka fungu gani, unalitafuta fungu zima kabla halijamkata mtu mguu. Fundi aliyenifundisha alisema chuma kikipotezewa asili yake, siku kikiua hakuna wa kuulizwa.

Kijineno gani alikitema? Niambie. Huku vichekesho vimetuishia.

Dada yako,
Nyundo

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma chooni, mahali pekee humu bungeni pasipo na kipaza sauti, kisha nikaichoma jikoni kwangu. Tafadhali usiandike tena mambo hayo. Piga muhuri wako, maliza wiki zako, toka salama. Ukubwa ni wako lakini safari hii nisikilize mimi.

Huku wamepitisha kifungu cha kwanza. Jana walibishana saa mbili nzima nembo ya taifa ikae upande wa kulia wa bunduki au wa kushoto. Wa kulia walishinda. Mmoja alilia kwa uzalendo, nikaandika kila kitu isipokuwa kamasi.

Kile kijineno kilikuwa utani wa watu wawili walioshiba. Hata sikikumbuki vizuri.

Mama anakusalimu. Barua bado iko ukutani.

Kasuku

29 Machi

Kasuku,

Jicho amepasukiwa na bunduki.

Sijawahi kukwambia habari zake. Ni mjaribu silaha wetu, mtu mzima, baba wa watoto watatu. Katika kila bunduki kumi anachukua moja, anasimama nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, anapiga risasi tano. Tulimwita Jicho kwa sababu ya shabaha yake. Jumanne asubuhi, risasi ya tatu, mtutu ukafunguka kama ganda la ndizi. Jicho la kulia limekwenda na vidole viwili. Sasa hakuna anayethubutu kumtaja kwa jina hilo, na tumegundua wengi wetu hatujui jina lake halisi.

Meneja alifika kabla damu haijaoshwa. Hakuuliza mtu yuko wapi. Alichutama na mfuko wa plastiki, akaokota vipande kimoja kimoja akivigeuza, mpaka akapata alichokuwa anakitafuta. Muhuri wangu. Saba. Akaniangalia, akafunga mfuko fundo.

Mtutu ule mimi niliukataa. Niliutia kwenye sanduku jekundu, la mali mbovu, mara mbili. Lakini sanduku jekundu halizungumzi.

Mke wa mwenzetu yuko getini tangu juzi na nguo za kubadilisha. Hawamruhusu kuingia, na wala hawamwambii kwamba mumewe hayumo tena humu, ameshapelekwa hospitali ya jeshi. Nimemwona kwa dirisha la bweni akiwa amekaa juu ya jiwe, furushi mapajani.

Wanasema ni uzembe wa mkaguzi. Wengine wameanza kutaja hujuma. Waziri atasema yeye alijua ni bunduki mpya, na mimi nikisema ni kuukuu nani ataniamini? Wewe unaandika kila neno linalotoka kwenye midomo ile. Tafuta. Kama kuna mahali popote alisema anajua hizi ni silaha za zamani, hata kwa kuteleza ulimi, sentensi moja tu, inaniokoa mimi na inamwokoa mwenzangu. Maana wakishaniweka mimi ndani watamgeukia yeye, watasema alishika vibaya.

Tafuta, mdogo wangu.

Nyundo

4 Aprili

Dada,

Natafuta. Kumbukumbu ni nyingi na siku hizi natazamwa. Kuwa na subira.

Kasuku

9 Aprili

Kasuku,

Wamenisimamisha. Nipo bwenini, chumba kimoja, mlinzi mlangoni, chakula kinaletwa, na mkate anauingiza yule dereva mwenyewe. Kamati ya Ulinzi ya Bunge itakaa tarehe 12 Mei kusomewa ripoti. Karani wa kiwanda amenionyesha mstari wake mmoja: "mkaguzi namba saba, kwa uzembe au kwa makusudi". Baada ya hapo ni polisi.

Subira huvuta heri, lakini yangu inavuta pingu. Umepata au hujapata?

Nyundo

15 Aprili

Dada,

Hakukuwa na cha kutafuta. Nimejua tangu barua yako ya Machi.

Ni kile kijineno. Nakiandika kama kilivyotoka. Waziri aliketi, wakampigia meza, akamwinamia aliyekaa kulia kwake, akasema huku anacheka: "Za zamani zile, bwana, tumezinunua kwa uzani kama chuma chakavu. Tunafuta namba, tunapiga zetu. Nani atafungua aangalie?" Nilikisikia wazi kuliko hotuba yake yote.

Nami nikakitoa. Hakuna aliyeniambia nikitoe, na hapo ndipo ninapojitapikia. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyenitisha. Kanuni inasema maneno ya mtu aliyekwisha kaa si sehemu ya mjadala, basi mkono wangu ukapita juu yake kama unavyopita juu ya kikohozi, nikaenda kunywa chai. Nilidhani ni utani. Hapana. Sikudhani chochote. Baada ya wiki Spika alisaini, na kumbukumbu ikishasainiwa sauti hufutwa. Barua yako ilipofika hakukubaki kitu popote duniani isipokuwa kichwani mwangu.

Ndiyo maana nilikwambia sikikumbuki. Niliogopa utakavyoniona. Miaka kumi na moja nimejiona mtu safi kwa sababu kazi yangu ni kusafisha, na kumbe mimi ndiye dekio lao. Nikikaa kwenye kile kiti nasikia harufu ya grisi yako.

Nisamehe, au usinisamehe. Lakini niambie nifanye nini.

Kasuku

20 Aprili

Kasuku,

Ulipokuwa mdogo ulirudia kila ulichosikia, tukachapwa sote kwa ajili yako. Ulimwambia shangazi mbele ya wageni kwamba Mama amesema anakula kama mchwa. Ndipo ukapewa jina. Leo, mara moja tu katika maisha yako lilipotakiwa neno la kurudiwa, umelimeza na chai.

Mama asijue chochote. Kunyamaza unaweza.

Nyundo

23 Aprili

Kasuku,

Dereva wa mkate ameniambia amekuchukia kwa sababu nilimpa ile barua nikilia. Mwambie asikuchukie, au atuchukie wote wawili.

Siku tatu nimeutazama ukuta huu. Nyani haoni kundule. Nilikwambia mtutu ule niliukataa mara mbili, na ni kweli. Sikukwambia mara ya tatu. Meneja aliutoa mwenyewe kwenye sanduku jekundu, akaufuta kwa leso yake, akauweka mezani kwangu. Akasema kesho Waziri anakuja na waandishi wa habari, safu ya maonyesho imepungua bunduki moja. Hakunifokea. Alisema, "Dada, moja tu." Nikapiga saba, na maonyesho yalipokwisha ikaingia kwenye safu ya majaribio. Mtu aliniomba kwa adabu, nami nikampa jicho la mwenzangu.

Kwa hiyo hasira yangu kwako nusu ilikuwa yangu mwenyewe. Nusu nyingine ni yako, ibaki nayo.

Sasa sikiliza vizuri. Mbao ya zamani ikishatoka, kabla mpya haijafungwa, chuma cha chini kinabaki wazi dakika chache. Hapo, kwenye kila bunduki iliyopita mezani kwangu, nimepiga namba yake ya zamani, ile ile niliyoisoma kabla hatujaisaga juu. Sikupanga. Siku ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe, kama kwenye tundu la jembe. Siku ya pili nikajua ninachofanya, na sikuacha. Ni skrubu nne tu, ukifungua mbao unaiona, na atakayeuliza huko zilikotengenezwa ataambiwa ni ya mwaka gani.

Nenda kwa yule Miwani. Mwambie adai mbele ya Kamati ile iliyopasuka, na nyingine tatu azichague mwenyewe stoo ya jeshi, zisichaguliwe na mtu mwingine. Kisha afungue. Watajua ni mimi, kwa sababu nyundo ndogo ya namba ninayo mimi peke yangu. Acha wajue. Tayari wanasema ni mimi.

Na mwambie pia ile mara ya tatu. Aiseme, nawe uiandike. Usinisafishe.

Dada yako,
Nyundo

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema.

Miwani alinisikiliza ofisini kwake, akimenya chungwa. Nilipofika kwenye mara ya tatu aliacha kumenya. Akauliza, "Huyu ni dada yako wa tumbo moja, na anataka hili lisemwe?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Skrubu nne?" Nikamwambia nne. Akaniambia nitoke kwa mlango wa nyuma.

Juzi Kamati ilikaa. Mimi nilikuwa kwenye meza ya waandishi wa kumbukumbu, hatua tano kutoka kwa Waziri. Ile iliyopasuka ililetwa ndani ya mfuko wa plastiki wa Meneja, fundo bado limefungwa. Tatu nyingine zikalazwa mezani, zinang'aa. Miwani akavaa miwani yake, akaomba bisibisi. Chumba kile kilikuwa na wabunge tisa, majenerali wawili na waziri mzima, watu wanaotaka kutengeneza silaha za nchi, na hakuna aliyekuwa na bisibisi wala aliyejua itapatikana wapi. Ikabidi aitwe fundi wa vipaza sauti, akatoa yake mfukoni.

Alifungua mwenyewe. Mikono yake ilikuwa mizito, skrubu moja ilianguka ikaviringika hadi kiatuni kwa jenerali, hakuinama kuiokota. Mbao ikatoka. Namba ilikuwa pale, mistari midogo iliyonyooka, nikaijua kama ninavyoujua mwandiko wako. Ya pili ilikuwa nayo. Ya tatu. Ile iliyopasuka pia, chini ya damu iliyokauka.

Unajua swali la kwanza la Waziri lilikuwa nini? Hakuuliza bunduki imetoka wapi. Aliuliza, "Nani ameandika hii?"

Kisha akanigeukia mimi, akapunga kidole kama mtu anayefukuza inzi. "Hiyo isiandikwe." Dada, ni desturi yetu. Mkubwa akisema hivyo unaweka kalamu chini, na mimi nimeiweka mara mia. Safari hii niliandika. Niliandika alichouliza, nikaandika na "hiyo isiandikwe". Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Miwani alisema yote, na ile mara ya tatu, kwa maneno yako. Nimeyaweka yote, sikugusa hata nukta. Halafu chai ikaletwa na keki. Wakala juu ya meza ile ile, wakizungumza habari za mvua, makombo yakawa yanaangukia kwenye bunduki na kwenye ule mfuko wenye damu. Mmoja alipangusa makombo kwenye mtutu kwa kidole, akakilamba.

Matokeo ni haya. Neno hujuma limeondolewa, polisi hawatakuja. Mwenzako ameandikwa kuwa ameumizwa na silaha mbovu, si na mikono yake. Wewe umefukuzwa kazi kwa kupitisha mtutu ule na kwa "kupiga chapa isiyoidhinishwa". Wamelitaja kosa la pili kwa sauti kubwa kuliko la kwanza.

Toka humo, dada. Nenda kwa Mama.

Kasuku

13 Juni

Dada,

Natumaini umepumzika, na kwamba Mama hakulishi mpaka ukakimbia.

Alhamisi walipiga kura. Nilidhani baada ya Kamati kitu kitabadilika. Mimi na umri huu. Waziri alisimama bila haya wala soni, akasema bunduki zile ni za "kipindi cha mpito", na kwamba kilichotokea kinathibitisha kiwanda kinahitaji fungu kubwa zaidi ili kinunue mitambo ya kweli. Yaani mwenzako ametoa jicho lake liwe sababu ya kuongezewa fungu. Wakapiga meza.

Nikamsubiri Miwani. Alivaa miwani, nikakaa sawa. Alianza vizuri, akataja hospitali, akataja jicho. Kisha akasema kiwanda kimewekwa mahali pabaya, kwamba kwenye jimbo lake kuna mto na eneo tambarare na watu wanaotafuta kazi, na kikihamishiwa huko ataunga mkono fungu zima. Waziri akaitikia kwa kichwa. Wakapeana mikono katikati ya ukumbi. Nikaandika "Makofi" ndani ya mabano. Nyuzi za hospitali hakuna aliyezitaja tena.

Sikumchukia kama nilivyotaka kumchukia. Alifungua skrubu nne, na wengine hawakufungua hata moja. Lakini nilipokutana naye kwenye korido akanyoosha mkono, niliugusa kisha nikaenda kunawa.

Sasa nikwambie nililofanya. Mwisho wa kila mkutano wa Bunge tunachapisha ukurasa wa masahihisho. Ni mambo ya koma, majina ya vijiji yaliyokosewa, tarehe. Mhariri anaruhusiwa kusahihisha kosa lake mwenyewe bila kuomba kwa mtu, na katika miaka yangu yote sijaona mtu akiusoma ukurasa ule. Spika alisaini jana akiongea na simu. Kati ya jina la kijiji na tarehe, sahihisho la nane linasema hivi:

"Katika kumbukumbu za tarehe 12 Februari, baada ya hotuba ya Waziri wa Ulinzi, mhariri aliacha maneno yafuatayo ya Waziri, yaliyosemwa kipaza sauti kikiwa kimewaka: 'Za zamani zile, bwana, tumezinunua kwa uzani kama chuma chakavu. Tunafuta namba, tunapiga zetu. Nani atafungua aangalie?' Kosa ni la mhariri. Anaomba radhi kwa aliyepoteza jicho."

Ukurasa umeshachapwa. Nakala zinakwenda kwenye maktaba ya kila wilaya. Siku yoyote mtu atafungua, na siku hiyo watanifukuza. Vitu vyangu viko kwenye mfuko chini ya meza, kikombe na sweta. Nimekuchania ukurasa wenyewe, uko ndani ya bahasha hii.

Mdogo wako,
Kasuku

21 Juni

Kasuku,

Marahaba. Nipo kwa Mama, nalima kwa lile jembe lake lenye mpini mpya. Mpini umeufunga ovyo, nimeufunga upya.

Nilikwenda kwa mwenzangu. Nimelijua jina lake sasa, mkewe ndiye aliyelitaja mlangoni. Nilimwambia ile mara ya tatu kwa mdomo wangu, ingawa alikwisha kuisikia. Alinisikiliza amenigeuzia upande wa jicho lililobaki. Nilipoinuka kuondoka alimwambia mkewe anisindikize, basi. Sijui maana yake nini na sikuuliza. Nitarudi tena Jumapili.

Grisi bado nainusa. Mama anasema haipo, ni kichwa changu.

Ukurasa wako nimeusoma peke yangu kwanza, kisha Mama akataka kujua kimeandikwa nini. Nikamweleza yote, tangu mlinzi begani mpaka makombo ya keki. Nikamsomea sahihisho la nane. Akauliza, "Na huyo aliyesema hivyo bado ni waziri?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda mlangoni akatema mate nje, akarudi, akasema nisome tena mwisho wake, pale pa kuomba radhi. Nikasoma. Akauliza kama maneno hayo umeandika wewe, mwanawe, kwa mkono wako. Nikamwambia ndiyo.

Akapanda kitandani kwa magoti, mama wa watu na miaka ile, akaibandua ile barua yangu ya fahari ya taifa, akaikunja akaitia kwenye moto wa jikoni. Ukurasa wako akaushikilia mahali pale pale. Plasta ya zamani haikushika tena, kwa hiyo nilichukua nyundo na misumari minne.

Dada yako,
Nyundo